Unanunua pikipiki kubwa iliyotumika Arusha au Moshi? Kagua hivi kabla hujatoa hela

Wakuu, kuna hizi pikipiki za kati, cc 400 mpaka 800 hivi, siyo boksa ya boda na siyo yale madude ya cc 1200 ambayo yakilala chini unatafuta mtu wa pili wa kukusaidia kuinua. Hapa Chuga (Arusha) zipo nyingi kuliko mtu anavyodhani na Moshi nako zimejificha kwenye mageti ya watu: V-Strom 650, Transalp, KLR650, Tenere ya XT660, BMW F650GS na F800GS, DR650, na siku hizi CB500X. Zingine za wazungu waliokuja wanazunguka Afrika wakachoka, zingine za mashirika, za misheni, za kampuni za utalii, zingine zimeshuka toka Nairobi. Sasa mtu akienda kuangalia swali la kwanza ni "imetembea kilometa ngapi". Asee hilo kwangu ni swali la mwisho. Mashine ya aina hii ikihudumiwa inafika kilometa 100,000 bila kelele. Kinachoiua huku kwetu ni vumbi, na kukaa stoo, na kinachomuua mnunuzi ni karatasi.

Kwaiyo anza na karatasi ukiwa bado nyumbani. Ukipiga simu usiulize bei kwanza, uliza kadi iko kwa jina la nani na pleti ni ya aina gani. Pleti ya MC, kadi ya TRA, jina la huyo huyo unayeongea nae, hapo endelea na maongezi. Ikiwa na pleti ya DFP (ya miradi ya wafadhili) au ya CD (ya kibalozi), au ni MC ya kawaida ila iliingia nchini kwa msamaha wa kodi kwasababu mwenye nayo alikuwa shirika au misheni, elewa kwamba ule msamaha ulikuwa wake yeye na haukuwa wa pikipiki, siku inahamia kwako usiye na msamaha ushuru unaamka na lazima mtu aulipe. Muuzaji atakwambia "hiyo ni kitu kidogo tu utamalizana nao TRA". Mwambie amalizane nao yeye alafu ndio mje muongee, au mwende wote TRA wawape hesabu kamili kwenye karatasi na mkubaliane nani analipa, kabla hela haijahama.

Za namba ya nje ndio kabisa. Sisi tuko karibu na Namanga na Holili kwaiyo pikipiki za namba za Kenya zinaingia na kutoka kila siku kwa kibali cha muda, na wale wasafiri wa kutoka Ulaya wengi wanaingia na karneti, kile kitabu cha forodha cha kuingiza chombo kwa muda, ambayo dhamana yake imewekwa kwao huko. Zote mbili ziko hapa kwa muda tu. Ukimpa mtu hela akakuachia funguo na ile karatasi ya mpakani, hujanunua pikipiki, umenunua kesi ya forodha. Bei itakuwa tamu sana, lazima iwe tamu.

Kama kadi ni ya kampuni na anayeuza ni meneja au dereva wa zamani, taka barua ya kampuni yenye muhuri, TIN ya kampuni, na asaini mkurugenzi mwenyewe. "Kadi imepotea" siyo mwisho wa dunia ila taarifa ya polisi ya upotevu itafutwe na mwenye kadi, tena awe mwenye jina lake. Angalia pia faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi mtandaoni kwa namba ya usajili, na bima uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, ni dakika mbili kwenye simu. Na wewe mwenyewe angalia leseni yako, daraja A1 ni la pikipiki ndogo zisizozidi cc 125, hizi zinataka daraja A. Chalii anaendesha Tenere na leseni ya boda, siku akigonga ndio bima inamwambia samahani.

Haya, sasa siku ya kwenda kuiona. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe mpaka ufike, alafu ukifika, kabla hata ya soda uliyokaribishwa, weka mkono ubavuni mwa injini na kwenye ekzosi. Ikiwa ya moto basi kuna mtu amekuficha kitu, pikipiki inayosumbua kuwaka asubuhi ikishapashwa moto inawaka vizuri tu mbele ya mgeni. Kaa, kunywa hiyo soda, isubiri ipoe. Nenda asubuhi au mchana, siyo saa moja usiku kwenye taa ya getini.

Wakati inapoa soma namba ya chasisi, iko pale kwenye shingo ya fremu karibu na hendeli, na namba ya injini ubavuni mwa injini yenyewe. Lazima zifanane na kadi herufi kwa herufi. Pitisha ukucha juu ya namba, kama chuma kinaonekana kimekwanguliwa au rangi pale tu ni mpya kuliko pengine, aga kwa heshima uondoke, hakuna punguzo linalofaa hapo.

Sasa vumbi, hapa nakaa kidogo. Barabara ya toka Mto wa Mbu kwenda Engaruka mpaka Natron ni majivu ya volkano, yale ya Lengai, laini kama poda na yanasaga chuma. Pikipiki nyingi kubwa za hapa ndio njia yake ya wikiendi. Toa siti au kava la pembeni, fungua boksi la filta ya hewa. Kwenye V-Strom filta iko chini ya tenki, itabidi tenki liinuliwe na muuzaji ataona unamletea usumbufu, shika spana umsaidie. Usihangaike na upande wa nje wa filta, ule utakuwa mchafu tu na ndio kazi yake. Toa filta, ingiza kidole kwenye lile bomba la upande wa ndani linalopeleka hewa kwenye injini, futa ukuta wake, alafu kitoe ukiangalie juani. Kikitoka kisafi au na ukungu mwepesi wa oili, sawa. Kikitoka na vumbi la kijivu ambalo ukilisugua katikati ya vidole viwili linakwaruza, basi hilo vumbi limeshapita kwenda kwenye silinda, na ringi na ukuta wa silinda vimekuwa vikisagwa muda mrefu, hata kama leo inaunguruma vizuri. Angalia na filta yenyewe imekaaje, kuna watu wanaosha filta ya karatasi kwa petroli, kuna wanaokata sponji ya godoro. Ukikuta sponji ya godoro humo ndani hesabu injini ni ya kufungua.

Dalili yake nyingine ni kula oili. Hapa kuna mtego: BMW F650GS ya pistoni moja, XT660 na Honda Dominator oili yake haikai chini ya injini, ina tenki lake, kwaiyo ukipima ya baridi kijiti kinaweza kuonyesha imepungua sana wakati ipo. Hizo zinapimwa zikiwa za moto, imetembea kidogo, kama kitabu chake kinavyosema. Usimlaumu mtu bure, ila pia usikubali "aa hizi ndivyo zilivyo" bila kuipima vile inavyotakiwa. Oili nyeusi siyo tatizo, oili ya rangi ya maziwa ndio tatizo, maana yake maji yameingia.

Ya pili ni kukaa. Huku kuna hadithi moja utaisikia kila mara, "mwenye nayo alirudi kwao, imekaa tu ndani, ina kilometa elfu kumi na mbili". Watu wanasikia hivo wanachanganyikiwa kwa furaha. Pikipiki iliyokaa miaka mitatu ina kazi zake. Petroli iliyolala inakuwa gundi kwenye jeti za kabureta, na zile za injekta pampu inaweza kukwama. Fungua tenki, mulika na tochi ya simu, kutu inaonekana wazi juu kwenye kuta ambapo petroli haikufika. F650GS usishangae, lile tenki la mbele ni kava tu, petroli iko chini ya siti na mdomo wake uko pembeni. Sili za shokapu za mbele zinakauka, hosi za rejeta zinapasuka ukizibonyeza, fluidi ya breki inageuka rangi ya chai. Tairi zina meno yote na bado ni za kutupa: tafuta ubavuni zile tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Na hii ni gharama kweli maana tairi ya nyuma ya 150/70-17 huikuti kwenye duka la vipuri vya boda, unaagiza. Mimi nikiambiwa chagua kati ya iliyokaa na kilometa 12,000 na ya kilometa 60,000 inayotembea kila siku kwenda kazini Njiro na risiti za sevisi zipo, nachukua ya 60,000 bila kufikiri.

Kuhusu hizo kilometa zenyewe, kwanza hakikisha ni kilometa. Zilizotoka Uingereza saa inasoma maili, 30,000 unayoiona ni karibu 48,000. Alafu linganisha na mwili wake: raba za kukanyagia, gripu, pedo ya breki, na diski. Kwenye diski pameandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, fundi yeyote mwenye kipimo atakwambia umebaki kiasi gani.

Sasa iwashe. Swichi ya kwanza tu, usibonyeze stata, angalia dashibodi. Za injekta zenye taa ya injini, lazima iwake kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa jua kuna mtu ameiua ili usiione, hiyo ni mbaya kuliko inayowaka. Ikishanguruma angalia moshi. Wa buluu ni oili inaungua. Mweusi ni petroli nyingi, na kwa za kabureta Arusha hapa tuko mita kama 1,400 juu ya bahari kwaiyo kidogo siyo ajabu, inaweza kuwa safi Moshi na huku ikawa na masizi kwenye plagi, fundi mzuri anairekebisha. Mvuke mweupe asubuhi ya Julai ni baridi tu, unakata baada ya dakika chache, usipokata na maji ya rejeta yanapungua hapo ni gasketi. Sikiliza kelele ya cheni ya ndani upande wa silinda, kelele ya sekunde mbili za mwanzo naisamehe, inayoendelea ikiwa ya moto siisamehi.

Kama ina rejeta, iache ingurume palepale mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe. Wengi hawana uvumilivu na hiki kipimo, ila feni iliyokufa utaijua kwenye foleni ya Kilombero saa kumi na moja jioni na wakati huo ni ya kwako.

Umeme: beba mita au mtu mwenye mita. Betri ikiwa imetulia inasoma karibu volti 12.6, ikinguruma kwa eksileta ya kati iwe kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo au juu ya 15 ni regyuleta au koili ya chaji, na regyuleta ni ugonjwa wa kawaida kwenye pikipiki za umri huu. Taa, honi, indiketa, zijaribu tu. Cha kuangalia zaidi ni waya zilizoongezwa, maana hizi pikipiki zinafungiwa traka ya GPS, chaji ya simu, taa kubwa za mbele, na chini ya siti unakuta mafundo ya selotepu. Kila fundo ni siku moja utakayosukuma.

Chasisi sasa. Iweke kwenye stendi ya kati au watu wawili wainue mbele, geuza hendeli taratibu kushoto kulia, ukisikia inanasa katikati beringi za shingo zimekwisha, ni kazi ya rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi. Shika tairi la nyuma juu na chini ulitikise, likicheza ni beringi ya tairi au ya mkono wa nyuma. Hawa jamaa wa kaoshi wanapenda kupiga presha moja kwa moja kwenye beringi, grisi yote inatoka, pikipiki inang'aa na ndani kumekauka. Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi, ikiachia nafasi ya kuona nusu ya jino imekwisha, na meno yaliyolalia upande mmoja ni seti nzima ya kubadilisha.

Ya muhimu zaidi ni fremu ndogo ya nyuma inayobeba siti na mizigo. Zilizobeba masanduku ya alumini kwenye rasta zinapasuka kwenye maunganisho, kwaiyo toa siti, safisha kwa kitambaa, angalia kila welding kwa tochi. Ukikuta welding ya mtaani uliza kwa utulivu. Alafu kile kizuizi cha hendeli, ule uvimbe mdogo wa chuma shingoni unaozuia hendeli isizidi kugeuka, ukiwa umebonyea au umekatika hiyo pikipiki imepiga kitu kwa mbele, hata kama plastiki zote ni mpya. Inama na chini kabisa uone bati la kukinga injini na boliti ya kumwagia oili. Aluminiamu ile nyuzi zake zinalika haraka fundi akikaza kwa hasira, na V-Strom filta ya oili imekaa mbele kabisa inapokea kila jiwe.

Kwa zile zenye magonjwa yake ya kuzaliwa: KLR650 za kabla ya 2008 uliza kama kile kidude cha kukaza cheni ya balansa kimebadilishwa, kipo ndani upande wa kushoto, kikivunjika vipande vinazunguka ndani ya injini. DR650 kuna skrubu mbili za swichi ya niutro ndani ya injini zinalegea, fundi akifungua klachi azikaze. F650GS ya pistoni moja angalia pampu ya maji, ina kitundu chini, kikilia maji au oili sili zimeisha. Na hiyo F650GS ya pistoni mbili, ya kuanzia 2008, jina linadanganya, injini yake ni cc 798 sawa na ya F800GS, usije ukaagiza vipuri vya ile nyingine. Kuhusu valvu, Transalp 700, XT660 na DR650 zinarekebishwa kwa skrubu na nati, fundi yeyote makini wa Unga Limited au Majengo anaweza. V-Strom, KLR na F800GS zinataka vibati vya unene tofauti tofauti ambavyo hapa hupati kirahisi. V-Strom 650 kipimo chake ni kila kilometa 24,000, kwaiyo ikiwa na 50,000 na haijawahi kufunguliwa hiyo ni hoja ya kushusha bei.

Jaribio barabarani usikubali kuzunguka uwanja wa nyumba tu. Acha kitambulisho na hata hela kama ana wasiwasi, au yeye akae nyuma. Moshi panda Kibosho, Arusha panda njia ya Ngaramtoni. Kwenye mlima weka gia ya tano spidi ya chini ufungue eksileta yote, injini ikipanda kelele na pikipiki isiongeze mwendo klachi inateleza. Gia ya pili ikiruka uachie hapohapo, kuigusa ni kupasua injini. Njia ya lami ukipata sehemu iliyonyooka na salama legeza mikono uone inavuta upande gani, ila barabara ya Moshi Arusha ina vijiji vya 50 na tochi zake, usije ukaanza umiliki na faini ya mtu mwingine. Ukirudi izime, isubiri dakika kumi, iwashe tena ikiwa ya moto. Alafu inama uangalie chini pamedondoka nini.

Bei sasa. Usibishane kwa maneno matupu, andika orodha: tairi mbili, seti ya cheni, sili za shokapu, betri, ushuru kama upo. Vipuri vingi vinatoka Nairobi au vinaagizwa mbali, kwaiyo kila kitu kwenye orodha kina bei na kina wiki za kusubiri. Muuzaji muelewa anashuka. Anayesema "kuna mteja mwingine anakuja jioni" mwache na mteja wake. Dalali akiwepo jua mapema asilimia yake inalipwa na nani, mara nyingi wanakula pande zote mbili, na wengine hawajawahi hata kuongea na mwenye pikipiki.

Malipo yapitie benki kwenda akaunti yenye jina lililopo kwenye kadi, mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya mwanasheria, nakala ya NIDA ya muuzaji, na uhamisho wa umiliki muuanze siku hiyohiyo mkiwa wote maana mzungu akishapanda ndege KIA kumpata asaini kitu ni shughuli. Na kabla hajaondoka omba funguo ya pili. XT660 na BMW nyingi zina chipu kwenye funguo, ukipoteza hiyo moja fundi wa funguo wa stendi hana msaada. Omba na funguo za masanduku, kitabu cha mashine, na ile nati au spana ya ajabu ya kufungulia tairi ya mbele ambayo watu husahau imebaki kwenye droo.